Ndugu yako kazama kwenye waragi, mairungi (miraa) au bangi: mwongozo kamili wa familia, toka nyumbani mpaka hospitali

Kama ndugu yako anakunywa waragi, ile pombe kali ya Uganda, kila siku, na asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate pima moja ndo anatulia, tafadhali usimfungie chumbani ili aache. Naanza na hilo kabla hata ya salamu maana hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, ndo kitu cha kwanza familia nyingi wanafanya, wanaume wanne wanamkamata, mlango unapigwa kufuli, mama anapitisha uji dirishani, halafu siku ya tatu wanakuja kutuamsha usiku ati kapandwa na majini. Hayo si majini. Ni pombe imekatika ghafla mwilini, na mtu anaweza kufa nayo kabisa.

Mimi si daktari. Niko kwenye kamati ya steji ya boda, na sisi watu wa boda ndo tunabeba hawa wagonjwa usiku kuwapeleka wodi ya akili, kwa hiyo mengi nimeyapata kwa manesi na maklinikal ofisa wa kule, nikasoma na yangu pia. Naandika kwa ajili ya mke, mama, kaka, yeyote aliyebaki na mgonjwa nyumbani na hajui aanzie wapi. Ni refu. Kama hali ni mbaya sasa hivi ruka, soma hatua ya 3 na ya 4 kwanza, haya mengine utarudi.

Hatua ya 1: Andika anatumia nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi

Chukua daftari la shule la mtoto, andika. Hiyo saa ya mwisho ndo kubwa kuliko yote kwa sababu kutetemeka, degedege, kuona vitu visivyokuwepo, vyote vinahesabiwa toka pale. Nesi wa zamu swali lake la kwanza huwa hilo, na ndugu wote mnabaki mnatazamana.

Usimuulize mgonjwa peke yake, atakwambia "mbili tu". Nenda kwa mama anayempimia, uliza vijana wa steji, uliza mwenye duka la dawa. Nenda kwa upole lakini, ukienda na hasira mama wa waragi atakwambia "baba, huyo mimi simjui kabisa" na hapo umekosa kila kitu.

Kwenye pombe tofautisha. Malwa na kwete ni nyepesi, waragi ni kali, na ile ya kupikwa kijijini hakuna anayejua ukali wake, leo hivi kesho vile. Serikali ilipiga marufuku vile vipakti vya plastiki 2019, chupa ndogo kabisa ikawa ya mililita 200, sasa watu wanaiona chupa hiyo ndogo wanadhani ni kidogo. Piga hesabu: mililita 200 za waragi wa asilimia 40 zina pombe halisi ya bia tatu na zaidi za nusu lita. Anayemaliza chupa mbili mpaka saa nne asubuhi kashakunywa bia sita na nyinyi mnasema "kaonja tu".

Halafu usiishie kwenye pombe. Wengi huku wanachanganya: mchana mairungi ili asisinzie barabarani, usiku mwili unakataa kulala kwa hiyo anatafuta waragi au vidonge vya diazepam vya kumzima, asubuhi anaanza tena. Ukimtibu pombe peke yake mairungi inamrudisha kulekule. Bangi nayo andika, vidonge andika, unga wa heroini andika (uko zaidi Kampala lakini usiseme huku haupo), na kwa watoto wa mtaani andika petroli, gundi, na yale mafuta ya ndege wanayonusa kwenye kitambaa. Watu wanaogopa kutaja bangi hospitali wakidhani wataitiwa polisi. Musawo, yaani mhudumu wa afya, anauliza ili ajue dawa ya kukupa, mwambie.

Hatua ya 2: Jua amefika wapi

Si kila mnywaji ni mgonjwa na si kila mgonjwa ni kichaa. Kwenye fomu ya hospitali unaweza kuona kitu kama F10.2 ukadhani ni namba ya faili. Hapana, hiyo inatoka kwenye orodha ya magonjwa ya WHO, toleo la kumi, ambalo ndo watu wengi wamelizoea ingawa toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022. F10 ni pombe, F11 jamii ya unga na morfini, F12 bangi, F13 dawa za usingizi, F14 kokeini, F15 vichangamshi na mairungi inaingia hapo, F17 tumbaku, F18 petroli na gundi, F19 mchanganyiko. Ile namba baada ya nukta ndo inakwambia hali yenyewe: 0 kalewa tu, 1 matumizi yameshaanza kumdhuru, 2 utegemezi, 3 arosto (mateso ya mwili akikosa alichozoea), 4 arosto pamoja na kuchanganyikiwa, 5 kichaa cha kusikia sauti na kuwaza uongo, 6 kumbukumbu zimeharibika, 7 madhara yaliyobaki hata baada ya kuacha. Ukijua hivyo unaweza kusoma fomu ya ndugu yako mwenyewe na kuuliza swali la maana.

Utegemezi una dalili sita na wakiona tatu kati ya hizo pamoja ndani ya mwaka mmoja wanasema huyu ni mtegemezi. Hamu kali ya kutumia. Kushindwa kujizuia kuanza, kuacha au kiasi. Arosto akikosa. Kiasi cha zamani hakimtoshi tena. Kuacha mambo mengine yote, mpira, msikiti, watoto, kwa ajili ya hicho kitu. Na kuendelea hata akiona kabisa kinamuua. Angalia kwamba kupoteza kazi haimo, kupigana haimo, kuna mtegemezi anaenda ofisini na tai kila siku.

Kwa pombe kuna maswali manne mepesi unaweza kumuuliza akiwa mzima: Ushawahi kuona unatakiwa upunguze? Watu wanakukera wakikusema juu ya pombe? Unajisikia hatia kwa unavyokunywa? Asubuhi unakunywa ili utulie au kutoa loki (hangova)? Ndiyo mbili, mpeleke akapimwe vizuri. Hilo la nne likiwa ndiyo mimi sisubiri mengine, maana mtu wa kunywa asubuhi ili mikono itulie ndo yule ambaye kumkatia ghafla ni hatari.

Hatua ya 3: Dalili ambazo hazisubiri kesho

Hizi ukiziona ni hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama hana nauli:

- Kazimia au haamki hata ukimfinya, anapumua polepole au anakoroma vibaya, midomo inabadilika rangi.
- Degedege, hata mara moja, hata kama imeisha.
- Kuchanganyikiwa: hajui yuko wapi, ni mchana au usiku, anaongea na watu ambao hawapo.
- Homa. Mtu wa pombe naye anapata malaria ya kichwani na homa ya uti wa mgongo, na watu wanamwacha kwenye veranda wanasema "kalewa".
- Alianguka akagonga kichwa, hata kama ni jana.
- Anatapika damu, au choo ni cheusi kama lami, au macho yamekuwa ya manjano.
- Anasema anataka kufa au ameanza kuaga watu.

Na moja ya peke yake: waragi wenye methanoli, pombe ya sumu. Mwaka 2010 kule Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi wa namna hiyo. Ubaya wake ni kwamba mtu analewa kawaida, analala, halafu baadaye sana, inaweza kuwa masaa 12 mpaka 24, ndo anaamka kichwa kinauma, anatapika, anapumua haraka, na macho yanaona ukungu au hayaoni. Pombe ya jana na macho leo hayaoni vizuri, hiyo si hangova. Kimbia hospitali kubwa, na waambie wote waliokunywa kwenye dumu lile nao waje hata kama wanajisikia sawa.

Wakati unasubiri usafiri mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimpe maziwa, usimpe kahawa, usimmwagie maji, usimtie kijiko mdomoni akiwa kwenye degedege. Kwenye boda mgonjwa aliyezimia ni hatari sana, najua ninachosema, tafuteni gari.

Hatua ya 4: Kuacha pombe bila kufa

Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku umezoea kusukuma dhidi ya pombe inayoubana. Pombe ikitoka ghafla inakuwa kama watu mnasukuma mlango na aliyeushikilia upande wa pili akaachia, mnaanguka ndani wote. Ndo maana dalili za arosto ni kinyume cha ulevi, badala ya usingizi ni kukesha, badala ya ulegevu ni kutetemeka.

Hesabu toka saa ya mwisho uliyoandika. Masaa 6 mpaka 12 mikono inatetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo unaenda mbio, hasira. Mpe chai uone, kikombe kinagonga meno na nusu inamwagikia kifuani. Kabla masaa 48 hayajaisha degedege zinaweza kuja, na zinaweza kumjia mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa maisha yake yote. Halafu kuanzia siku ya pili mpaka ya nne ndo ile mbaya, deliriamu: hajui yuko wapi, homa, jasho linalowesha shuka, anaona wadudu. Kuna mzee mmoja nilikaa naye wodini usiku wa tatu, alikuwa anaokota siafu kwenye blanketi, mmoja mmoja, anawaweka kwenye kiganja ananipa nishike, ananiambia "shika vizuri mwanangu wasianguke". Mikono ilikuwa mitupu. Asubuhi ya siku ya sita aliomba uji na hakukumbuka chochote. Walimuwahi, ndo maana.

Sasa nani asithubutu kuachia nyumbani? Aliyewahi kupata degedege au deliriamu akiacha. Mwenye kifafa. Mjamzito. Mwenye ini bovu, homa, au aliyegonga kichwa. Mzee. Anayechanganya pombe na diazepam. Na anayeishi peke yake. Hawa ni kulazwa, hakuna mjadala.

Wengine wenye hali nyepesi wanaweza kukaa nyumbani, lakini musawo awe amewaona kwanza na awe anawaona kila siku. Kawaida anapewa diazepam inayopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na vitamini B1, yaani thayamini. Dawa akae nayo ndugu mmoja, si mgonjwa. Na kama amekunywa pombe siku hiyo msimpe diazepam juu yake mpaka muongee na musawo, viwili vile pamoja vinazima pumzi.

Hili linalofuata linawakasirisha watu lakini nitalisema. Kama klinik ni Jumatatu na leo ni Jumamosi, na anatetemeka vibaya kila akichelewa kunywa, usimkatie kabisa hizo siku mbili. Aendelee na kiasi kidogo cha kumzuia kutetemeka, asizidishe, ale, anywe maji. Shemeji zako watasema unamnunulia pombe mgonjwa. Waache waseme. Ila ukiona dalili yoyote ya hatua ya 3 usisubiri Jumatatu.

Kuhusu thayamini, mtu wa pombe mara nyingi hali chakula, na ikipungua sana inaharibu ubongo: macho yanacheza au hayaendi sawa, anayumba hata siku ambayo hajanywa, anachanganyikiwa. Ikipita bila kutibiwa kumbukumbu inaweza kuondoka moja kwa moja, ndo ile namba 6 ya hatua ya 2. Ni dawa ya bei ndogo na inasahaulika. Mkiwekewa dripu ya glukosi sema kwa heshima tu, "Sista, huyu ni mtu wa pombe, thayamini atapata?" Hakuna nesi mzuri atakayekasirika.

Nyumbani: chumba chenye mwanga, mtu mmoja anayemfahamu, maji, uji, posho (ugali) na maharage akiweza, hakuna kelele, hakuna umati wa majirani kuja kuangalia. Sheikh au pasta aje kuomba, karibu sana, dua na dawa havipigani. Lakini asifungishwe kula na kunywa siku tatu na asifungwe kamba, hapo nakataa.

Hatua ya 5: Vingine

Mairungi akiacha analala sana, anakula sana, anakuwa na huzuni na ndoto mbaya. Haimuui yenyewe lakini huzuni hiyo ikizidi inaweza kumpeleka kujidhuru, kwa hiyo mchunge na mshughulishe, wiki mbili za kwanza ndo ngumu. Hakuna kidonge cha kuziba pengo la mairungi, anayekuuzia kimoja anakudanganya.

Bangi, anakuwa mkali, halali vizuri, hana hamu ya chakula, wiki moja mbili inapungua.

Unga, arosto inaanza siku ileile, siku ya pili ya tatu anaumwa mifupa, anaharisha, makamasi, anaomba kufa. Ni mateso ila mara nyingi haiui. Kinachoua ni baadaye: akikaa siku kadhaa bila kutumia mwili unasahau, akirudia kile kipimo cha zamani anakata pumzi. Waambie hata marafiki zake. Hospitali ya Butabika, Kampala, toka 2020 kuna kliniki ya methadoni na buprenofini, dawa zinazotolewa badala ya unga, ndo njia bora kuliko kumkausha tu.

Diazepam na wenzake chukulia kama pombe. Ukimkatia ghafla degedege inakuja, inabidi kupunguza wiki kwa wiki na musawo.

Hatua ya 6: Akianza kusikia sauti au kushuku watu

Hapa ndo familia zinagawanyika, wa baba wanasema karogwa na wa mama wanasema bangi. Kwa hospitali cha kuangalia ni wakati. Kichaa cha kitu alichotumia kwa kawaida kinaanza akiwa anatumia au ndani ya siku mbili hivi toka atumie, kinaanza kupungua ndani ya mwezi akiacha, na ndani ya miezi sita kinatakiwa kiwe kimeisha kabisa. Kikianza miezi mingi baada ya kuacha, au akiacha kabisa na sauti zinaendelea zaidi ya miezi sita, basi huenda ni ugonjwa mwingine wa akili ambao bangi ilikuja kuuchokoza tu, na huo una matibabu yake ya muda mrefu. Kwa hiyo tarehe andika.

Watu wa pombe wana aina yao ambayo haizungumzwi, wivu. Anaamini kabisa mke ana mwanaume, ananusa nguo, anahesabu dakika za kwenda kisimani. Wazee watasema ni mambo ya ndoa. Kama ameanza kumtishia, mama wewe na watoto tokeni hapo kwanza, kalaleni kwa ndugu, matibabu yatapangwa mkiwa salama.

Akiwa amechafuka: ondoa panga, jembe, mafuta ya taa. Mtu mmoja aongee, taratibu, asimame kando ya mlango asiuzibe. Usibishane na sauti na usikubaliane nazo. Akisema "wananiita niue" usiseme "hakuna mtu hapo wewe mjinga", sema "mimi siwasikii kaka, lakini naona umeogopa, twende tukapate kitu cha kukutuliza". Ikishindikana muite mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, aje na watu wachache wenye busara, na polisi kama ana silaha. Sheria ya afya ya akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, inaruhusu mtu kulazwa kwa hiari na pia bila ridhaa yake kwa utaratibu: ndugu anaomba, mtaalamu anampima. Kumfunga kwenye mti nyuma ya nyumba si utaratibu.

Hatua ya 7: Kuongea naye

Usiongee naye amelewa, unapoteza mate. Wala usiongee mbele ya watoto au kwenye kikao cha ukoo mzima cha watu ishirini. Mtafute asubuhi kabla mikono haijaanza kumsumbua, na mteue wa kuongea naye, mtu anayemheshimu. Kwetu mara nyingi mjomba anasikilizwa kuliko baba, na shangazi ana ulimi ambao hakuna mwingine anaruhusiwa kuwa nao. Mama mkwe asitumwe, mnamdhalilisha mwanaume na hatarudi nyumbani.

Leta jambo moja lililotokea, si maisha yake yote. "Mwanangu, juzi ulianguka mbele ya duka ukatoka povu, mtoto wako ndo alikuja kuniita. Nimeogopa. Alhamisi naenda hospitali, nataka twende wote." Halafu nyamaza. Akisema hapana, usimlaani, muulize nini kinamfanya asitake, mara nyingi utasikia hofu ya kuchekwa na wenzake, au nani atalipa mkopo wa pikipiki akilazwa. Hivyo vinatatulika. Steji yetu imeshakubaliana kwamba pikipiki ya aliyelazwa inaendeshwa na mwenzake na hela inaenda kwa mwenye mkopo, tangu hapo wanaokubali kwenda wameongezeka.

Hatua ya 8: Wapi, na kubeba nini

Anza karibu. Kituo cha afya cha daraja la tatu au la nne mara nyingi kinaweza kukuanzisha na kukupa rufaa, na VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) anajua siku ambayo mtu wa akili anakuja. Juu yake ni hospitali za rufaa za mikoa, Arua ipo, Gulu, Mbarara, Mbale na nyingine, zina vitengo vya afya ya akili. Butabika iliyoko Kampala ndo hospitali ya taifa, imefunguliwa 1955, na ina kitengo maalum cha pombe na madawa. Kule ulizia mapema juu ya malipo na kama mgonjwa anahitaji ndugu wa kukaa naye.

Watu wa West Nile, yaani kanda yetu hii ya Arua, sikilizeni: basi la usiku kwenda Kampala na mtu ambaye pombe imekatika toka asubuhi ni kumtafutia degedege Karuma, katikati ya njia, saa nane za usiku. Atulizwe Arua kwanza, apate rufaa, ndo msafiri.

Beba daftari lako, dawa zote anazotumia zikiwemo za TB na ARV (pombe pamoja na dawa za TB vinalichosha ini, wanatakiwa wajue), kitambulisho, shuka, beseni, sabuni, kikombe, na hela ya dawa ambazo stoo haina.

Rihabu za binafsi, nyumba za kuachishia ulevi, zimekuwa nyingi na nyingine ni nyumba tu yenye geti refu. Kabla hujalipa uliza: usiku kuna nesi? Degedege ikija mnafanyaje? Daktari wa akili anakuja lini? Naweza kumtembelea bila kutoa taarifa? Wakikujibu "sisi tunatumia nidhamu" chukua mgonjwa wako uondoke.

Hatua ya 9: Dawa ambazo zitawatisha

Haloperidoli inatuliza kichaa vizuri ila inaweza kukaza misuli: shingo inapinda, macho yanakwenda juu, ulimi mzito. Hapo ndo nimeona watu wanamtoa mgonjwa wodini mchana kweupe kwenda kwa mganga kwa sababu "sasa jini limejionyesha". Ni madhara ya dawa, inatibika kwa dawa nyingine haraka sana, rudi hospitali. Hiyo nyingine, benziheksoli, nayo mtunze ndugu maana kuna wanaoitumia kulewa.

Disulfiramu inamfanya mtu aumwe vibaya akinywa pombe: uso unawaka, moyo unakimbia, anatapika. Usimuwekee kwenye chakula kwa siri. Nasema hivyo kwa sababu mna hilo wazo, nawajua. Akinywa bila kujua anaweza kufa, na athari yake inaweza kubaki mpaka wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Inatolewa kwa anayejua na aliyekubali. Naltreksoni inapunguza hamu ya pombe, ila asipewe mtu anayetumia unga au dawa kali za maumivu za jamii hiyo, itamtupa kwenye arosto palepale.

Hatua ya 10: Akirudi nyumbani

Kutoka wodini siku kumi mwili umesafishwa, kichwa bado. Miezi ya kwanza hela yake ya siku ipokelewe na mtu mliyekubaliana, kwa simu, abaki na ya mafuta na chakula. Abadilishe steji kama ya zamani imepakana na waragi, na kama haiwezekani angalau abadilishe saa za kazi, aondoke kabla jua halijazama maana hapo ndo chupa zinafunguliwa. Harusi na matanga aende na mtu. Chupa tupu, makopo, majani ya migomba ya mairungi, vyote vitoke ndani ya nyumba.

Tengenezeni karatasi moja mapema, akiwa mzima, aandike mwenyewe: nikirudia, nani aambiwe, twende wapi, nani akae na watoto. Wengi wanarudia, na kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu, haimaanishi hospitali ilikuwa bure. Ila akirudia pombe kwa siku nyingi msimkaushe tena nyumbani, arosto ya pili ya tatu huwa kali kuliko ya kwanza, anaanza tena hatua ya 4 na musawo. Na kliniki ya marudio msiiruke hata kama anaonekana amenenepa na anacheka, tarehe iko kwenye fomu, pembeni ya ile namba inayoanza na F.